Tulivyotafuta Gari Kuukuu la Fo Wili kwa Safari za Familia

 

Ndugu zetu wapenzi, mara nyingi tukitoka kwenye swala ya Ijumaa tunaulizwa swali moja hapa Area 18: ilikuwaje mkanunua gari la mwaka 1995, zito namna ile, wakati kila mtu mjini anatafuta kigari kidogo kisichokula mafuta? Wengine wanauliza kwa utani. Wengine wanauliza kwa dhati, maana nao wanataka kuwatoa watoto mjini wakati wa likizo, wakaone milima na ziwa, na barabara za huko wanazijua zilivyo mvua ikishanyesha. Tumeona bora tuandike mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake. Sisi si mafundi. Ni mke na mume tuliobishana karibu mwaka mzima juu ya gari, na tulichojifunza tumekilipia.

Familia yetu ni watu saba, wazazi wawili na watoto watano. Mmoja wetu ni mtu wa Kyela, hapo ng'ambo ya mpaka wa Songwe, aliyeletwa Lilongwe na biashara ya vitambaa. Mwingine amezaliwa Uvira, Kongo, akakimbia vita akiwa mtoto, akakulia kambini Kigoma na baadaye Dzaleka, na sasa ana pasipoti ya Tanzania kwa ndoa. Kwa hiyo nyumbani kwetu Kiswahili ni cha namna mbili, na watoto wamejipatia cha tatu chenye Kichewa ndani yake. Bibi yao mzaa mama wanamwita Koko, kama wasemavyo Kongo. Ukisema "bibi" huko watu wanaelewa mke, na baba mkwe wa Kikongo hawezi kukuelewa ukimwambia unamsalimia bibi yake kwa mapenzi makubwa! Hilo lilishatupata mwaka wa kwanza wa ndoa, tukacheka baadaye.

Koko alikaa nasi Area 18 miaka mingi. Mwaka 2023 lilipotoka agizo kwamba wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini, Koko naye akarudi Dzaleka kwa mdogo wake. Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Ilipangwa kwa watu elfu kumi hivi na sasa wamo zaidi ya 50,000. Kutoka kwetu ni kama kilomita 45. Unashika M1 kwenda kaskazini mpaka Lumbadzi, kisha unakata kulia barabara ya Dowa. Si mbali. Lakini mtu wa kambini akitaka kutoka anahitaji kibali chenye siku zake, na Koko ana magoti mabovu, kupanda minibasi iliyojaa ni mtihani kwake.

Siku moja watoto walimuuliza kama ameshawahi kuliona Ziwa Malawi. Akasema aliliona usiku, mara moja, kupitia dirisha la basi, miaka ishirini iliyopita. Mwanamke aliyezaliwa Uvira, mlango wa nyumba yao ukitazama Tanganyika! Mtoto wetu wa tatu akamwahidi palepale kwamba baba atanunua gari na atampeleka. Watoto wakishaahidi kwa niaba yako, ndugu msomaji, umekwisha.

Basi tukaanza kutafuta. Sharti la kwanza lilikuwa tusikope kwa riba. Hilo hatukubishana. Tulikuwa na akiba ya miaka minne, na mpango wetu wa mwanzo ulikuwa kuagiza gari Japan, lishuke Dar es Salaam, shemeji alitoe bandarini, na mmoja wetu alifuate na kuliendesha mwenyewe kupitia Mbeya na Tukuyu mpaka Songwe, halafu Karonga, Mzuzu na kuja huku. Tulishachora hata vituo vya kulala. Mwezi wa Novemba 2023 kwacha ikashushwa thamani kwa asilimia 44, na kwa kuwa akiba yetu ilikuwa ya kwacha na bei ya gari ni ya dola, ule mpango ukafa kwa siku moja. Ongeza na kodi, ambayo Malawi inapanda kadiri gari linavyozidi kuwa na umri. Gari la bei nafuu kule linakuwa ghali kufika hapa. Tukarudi kutazama magari ambayo tayari yapo nchini na kodi imeshalipwa.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Mmoja wetu (mnamjua ni nani) alikulia Kyela akitazama Landrova zikipanda Tukuyu na magunia ya mpunga, na moyo wake wa kwanza ulikuwa huko. Tuliona moja nzuri, Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, zile zilizotengenezwa kati ya 1994 na 1998. Watu husema Landrova haili kutu kwa sababu bodi yake ni ya alumini. Ni kweli kwa bodi. Chesisi yake ni chuma kama chuma kingine. Fundi wetu alilala chini yake na nyundo ndogo, akagonga chesisi toka mbele mpaka nyuma. Mahali pazima chuma kinalia ngii. Alipofika nyuma, karibu na sehemu ya kufungia springi, kikalia kama kopo lenye mchanga. Akatoka, akajifuta mikono, akasema, "Achimwene, hili ukilinunua tutakuwa tunaonana kila Jumamosi." Tukashukuru tukaondoka. Kama huna nyundo, tumia hata jiwe, lakini usinunue gari la zamani bila kugonga chesisi. Injini ikifa unatafuta nyingine. Chesisi ikioza umenunua viti.

Gari la pili lilikuwa Prado, zile za muundo wa 1996 mpaka 2002. Humo ndani ni pazuri, viti vinane, kiyoyozi, watoto walishachagua nani akae wapi. Injini yake ilikuwa ile ya lita 3 ya dizeli yenye tabo, 1KZ-TE. Ni injini nzuri, na ina ugonjwa mmoja unaojulikana kila gereji, kwamba ikichemka sana silinda hedi inapasuka. Mwenye gari alituambia halijawahi kuchemka hata siku moja. Fundi akafungua mfuniko wa rejeta asubuhi gari likiwa la baridi, akachovya kidole, akatuonyesha utando wa mafuta juu ya maji. Hakusema neno. Kuna jambo jingine pia, magari mengi ya Japan yanayouzwa rahisi yametembea kwenye mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, na rangi mpya nyeusi chini ya gari mara nyingi imepakwa juu ya kutu. Ukiona chini pameng'aa kuliko juu, uliza kwa nini.

Sasa tufike kwenye mkonga.

Wasomaji wa Tanzania wanalijua jina hilo, ni Land Cruiser ndefu ya 70 yenye bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo kama mkonga wa tembo. Muundo huo ulianza mwaka 1984, na kuanzia 1990 ukapewa injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo wala kompyuta. Pampu ya dizeli inafanya kazi kwa vyuma vitupu. Injini hiyo fundi wa Mponela anaijua, wa Karonga anaijua, wa Uvira anaijua. Mume alikuwa ameshaamua moyoni. Tukasikia shirika moja linapiga mnada magari yake ya zamani, na miongoni mwake mkonga mweupe wa 1993, nyuma ana mabenchi mawili ya pembeni yanayotazamana, anaingia hata watu kumi. Familia nzima, Koko, mdogo wake na mizigo juu. Tungetaka nini zaidi?

Tulikwenda kumtazama Koko Jumamosi hiyo, tukamwonyesha picha kwenye simu. Tulidhani atafurahi. Aliitazama kwa muda mrefu, akarudisha simu, akasema kwa upole, "Mule mimi sipandi tena, mutoto wangu. Mule ndimo tulipandaka siku ya kukimbia."

Hakuendelea. Mmoja wetu ndiye aliyesimulia yaliyobaki tukiwa njiani kurudi, watoto wamelala nyuma. Vita vilipofika Uvira mwaka 1996 walivuka ziwa kwa mtumbwi mpaka Kigoma, na huko wakapakiwa kwenye gari jeupe la namna hiyo, mabenchi ya pembeni, watu magoti kwa magoti, kutwa nzima kwenda kambini bila kuona nje. Koko alikuwa na kitoto cha miezi minane mapajani, kilikuwa na homa. Hakikufika. Waliokaa mbele yake walikuwa wanamtazama muda wote, na hakukuwa na mahali pa kugeuza uso. Ndoa yetu ilikuwa na miaka kumi na tano, na nusu yetu ilikuwa inaisikia habari hii kwa mara ya kwanza, Lumbadzi, kwenye foleni ya malori.

Tukisema kweli, hata baada ya hapo ubishi haukuisha siku hiyo hiyo. Mume alisema, basi Koko atakaa mbele na dereva, nyuma hatakuona. Ilikuwa hoja. Lakini mke akauliza swali ambalo halikujibika: na watoto? Benchi la pembeni halina mkanda wa kufaa. Gari likipiga breki, mtoto anakwenda kwa ubavu, na mwili wa mtu haukuumbwa kuzuiwa kwa ubavu. Kwenye barabara ya mawe mtoto anakaa saa nne akiwa amejipinda, anatapika. Tungeweza kung'oa mabenchi na kuweka viti vinavyotazama mbele, watu wanafanya, lakini viti na mikanda lazima vifungwe kwenye vyuma vilivyoimarishwa kwenye sakafu, si kwenye bati tu, na kazi hiyo ikifanywa vizuri ina gharama yake. Halafu likaja la kodi. Magari ya mashirika mengi huingia nchini bila kulipiwa ushuru, na yakiuzwa kwa mtu wa kawaida ushuru unadaiwa. Bei ya mnada si bei ya gari, ndugu zetu. Uliza kabla ya kunyoosha mkono, na upate maandishi. Tulipojumlisha, mkonga akawa nje ya uwezo wetu hata bila ya Koko. Lakini tungependa muelewe kwamba hesabu tuliifanya baadaye. Ilikuwa imeshaamuliwa kwenye foleni ile ya Lumbadzi.

Tuliswali istikhara, na tukaendelea kutafuta kwa miezi mitatu.

Gari tulilopata ni Land Cruiser ya 80, ya mwaka 1995. Muundo huu ulitoka kati ya 1990 na mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, na Tanzania ndio uliokuwa ukiitwa shangingi, gari la waheshimiwa. Tahadhari hapo! Shangingi la waheshimiwa lilikuwa VX, lina tabo na mapambo. Letu ni lile la kawaida kabisa, vioo vya kuzungusha kwa mkono, sakafu ya mpira, na chini ya boneti injini ile ile ya 1HZ iliyokuwa kwenye mkonga. Hilo ndilo lililomaliza ubishi wa mume. Ekseli zote mbili ni za kipande kimoja kama za mkonga, lakini badala ya springi za bapa nyuma lina springi za koili pande zote, kwa hiyo mgongo wa mtu mzima haupigwi kila kwenye jiwe. Viti vinane, vyote vinatazama mbele. Tangi linabeba lita 95. Kwa nchi ambayo tumezoea foleni za mafuta za siku mbili tatu, tangi kubwa ni sehemu ya usalama. Linakwenda kilomita saba au nane kwa lita moja. Ndiyo, linakula. Hatuendi nalo dukani kununua mkate.

Namna tulivyolikagua tutaisema kwa ufupi. Tulifika alfajiri kabla mwenyewe hajaliwasha, tukagusa injini kuhakikisha ni ya baridi, maana injini ya dizeli iliyochoka ikipashwa moto kwanza inaficha aibu zake. Likawaka kwa mzunguko wa pili, moshi mweusi kidogo ukakatika. Moshi wa buluu usiokatika ungetuondoa, na mweupe unaonuka ungetuondoa mbio zaidi. Fundi aligonga chesisi. Akaangalia yale magoti ya ekseli ya mbele, pale tairi linapokata kona, akakuta yameloa grisi iliyochanganyika na mafuta ya difu. Huo ni ugonjwa wa kawaida wa magari haya, sili zimekwisha, si wa kukimbiza mtu bali wa kupunguzia bei. Tukaingiza fo wili, na ile gia ya pili ya nguvu na mwendo wa pole, tukaenda mbele na nyuma kwenye kichuguu. Magari mengi ya mjini fo wili haijawahi kuguswa miaka kumi, na siku unayoihitaji ndipo unagundua imeganda. Mwisho tukalinganisha namba ya chesisi na karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Muuzaji alikuwa mwalimu mstaafu na alikuwa mkweli. Alituonyesha mwenyewe mahali alipojaza puti.

Kisha "kujenga". Vijana wetu mnatazama picha za magari yaliyopandishwa juu, winchi mbele, taa kumi na mbili kwenye keria, matairi kama ya trekta. Kenya kuna mashindano ya Rhino Charge tangu 1989, ya kuchangia hifadhi ya milima ya Aberdare, na magari ya kule yanajengwa hasa. Lakini yale yanajengwa kwa siku moja ya mashindano, na hayabebi ajuza. Mtoto wetu mkubwa alitaka mkonga uwekwe kwenye 80. Tukamwambia leta bajeti. Akaleta, ameandika vizuri, tukamwonyesha na yetu.

Yetu ilianza na mikanda. Viti vya nyuma mikanda ilikuwa imekatwa, tukaweka mipya yote minane. Halafu breki. Halafu taimingi belti, ambayo kwa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa hakuna aliyejua ilibadilishwa lini, tukahesabu haijabadilishwa. Ikikatika njiani injini inajivunja yenyewe. Rejeta ilisafishwa, mipira yake yote ikabadilishwa. Sili za magoti ya mbele, shokapu nne. Hapo fedha ya mwaka wa kwanza ikaisha, na gari kwa nje lilikuwa vile vile, rangi imefifia, hakuna jirani aliyejua kwamba tumefanya kitu.

Kwenye matairi tulibishana kidogo. Mapana yanapendeza. Sisi tukabaki na saizi ya zamani, 7.50 kwa 16, membamba, yenye tyubu. Hiyo ndiyo inayovaliwa na malori madogo na mikonga nchi nzima, kwa hiyo hata kijijini utapata mtu mwenye kiraka na mtu mwenye tairi kuukuu la kukuuzia. Kumbukeni neno hili, tutalirudia.

Na kitu kimoja kinachoonekana. Fundi alichomelea ngazi ya chuma upande wa kushoto mbele, vidato viwili, na juu yake kishikio cha bomba. Tulimpima Koko goti lake kwa kamba, tukampelekea fundi ile kamba.

Jaribio la kwanza tulilifanya bila yeye, Januari 2025, kwenye msitu wa Ntchisi, mojawapo ya misitu michache ya asili iliyobaki Malawi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye mteremko mmoja gari liliteleza taratibu kama sabuni mpaka mtaroni, kila mtu akitazama, hakuna wa kufanya lolote. Mume akakanyaga mafuta, likazama zaidi. Ndipo mke akakumbuka alichosema fundi, punguza upepo. Tukatoa upepo mpaka matairi yakalegea chini, tukaingiza gia ya nguvu, wanakijiji watatu wakachimba na majembe mbele ya magurudumu, likatoka. Zikomo kwao. Jifunzeni kupunguza upepo kabla ya kukanyaga mafuta, na muwe na pampu ya kurudishia.

Koko alipata kibali cha siku tatu mwezi wa Aprili, Ijumaa mpaka Jumapili. Tulimchukua asubuhi. Watu wa mtaa wake walitoka kuangalia, na tuliona haya, tusifiche. Kuingia na gari kubwa mahali ambapo watu wanahesabu unga si jambo dogo. Koko mwenyewe alilizunguka mara moja, akafungua mlango wa nyuma, akatazama viti vilivyoelekea mbele vyote. Akafunga. Akaenda upande wa ngazi, akashika bomba, akapanda bila kushikwa na mtu.

Tuliteremka kupitia Dowa na Chezi mpaka Salima, tukashika M5 kwenda Nkhotakota. Tuliichagua Nkhotakota kwa sababu zake. Miaka ya 1840 mfanyabiashara wa pwani, Salim bin Abdallah, aliweka makao yake hapo akawa Jumbe wa kwanza, na kutoka hapo majahazi yalivusha ziwa kuelekea Kilwa yakiwa na pembe za ndovu na watumwa. Uislamu wa mji ule na sehemu ya lugha yetu huku bara vilipita njia hiyo. Tuliwaambia watoto yote mawili, na binti yetu akauliza kama waliobebwa nao waliaga mama zao. Tulijibu tulivyoweza.

Ziwa Koko aliliona kwanza kabla ya mji, barabara ilipolikaribia. Hakusema kitu. Baadaye ufukweni aliingia maji mpaka vifundoni, akachota kwa kiganja, akaonja. "Haina chumvi," akasema, "kama yetu." Alikaa kwenye mkeka mpaka Magharibi, hatukumwondoa.

Siku ya pili tuliingia kwenye hifadhi, ambayo inaendeshwa na African Parks tangu 2015. Tembo karibu 500 walihamishiwa humo kutoka Liwonde na Majete mwaka 2016 na 2017. Hapo ndipo gari lilifanya kazi tuliyolinunulia, njia ya udongo mwekundu kuelekea Mto Bua, mifereji ya mvua inayomeza tairi, gia ya nguvu, mwendo wa mtu anayetembea. Tembo hatukumwona, tuliona kinyesi chake tu, na kwa mtoto wa miaka minne hicho kilitosha kabisa. Koko alikuwa ameshika bomba kwa mkono mmoja na kwa mwingine anagawa karanga nyuma.

Jumapili tulichelewa kuondoka, kosa letu. Kibali kinaisha siku hiyo. Kabla ya Salima tairi la nyuma likapata pancha, tukaweka la spea. Kilomita chache mbele, na la pili. Saa tisa alasiri, jua kali, hatuna spea, na mke anatazama saa kila dakika. Akasimama kijana wa baiskeli, kabaza, akasema kuna mziba pancha kwenye vibanda mbele, akamchukua mume na tairi moja juu ya baiskeli. Yule mziba pancha alikuwa na tyubu ya 7.50 kwa 16 imening'inia kwenye mti, ya lori. Ingekuwa tairi pana la fasheni tungelala pale. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kando ya barabara, qasri, Koko akiwa kwenye kiti kwa ajili ya magoti, na saa kumi na nusu tukaondoka.

Tulifika Dzaleka jua likizama. Koko alishuka kwa ngazi yake, akahesabu mifuko yake ya usipa, akatugawia mmoja. Akauliza safari nyingine ni lini, na kama huko pia kuna maji.

Tumemwambia Nyika, kwenye likizo ya watoto, in shaa Allaah. Maji hayapo mengi, kuna baridi, uwanda wake uko juu zaidi ya mita 2,000. Ameomba soksi. Sisi tunahitaji shokapu moja ya nyuma iliyoanza kuvuja, spea ya pili, na kibali cha siku tano badala ya tatu. Shokapu tumeshaipata.